Ubepari ndani ya sanduku la kufuli tatu

Sanduku lenyewe ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu wasiolala nyumba moja. Anayekaa na sanduku hana ufunguo. Kila wiki wanachama wanaketi kwa namba zao, wahesabu fedha wawili wanaweka beseni katikati, kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano, na kwa kila hisa anagongewa muhuri mmoja kwenye kitabu chake. Pembeni kuna mchango mdogo wa mfuko wa jamii, wa misiba na maradhi. Anayetaka mkopo anaomba mbele ya wote, na kikomo ni mara tatu ya akiba yake. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili sanduku linavunjwa, kila mtu anaondoka na chake, na mzunguko mpya unaanza na sifuri.

Utaratibu huu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliofanya kazi na shirika la CARE. Leo ni vigumu kupata kata Tanzania isiyo na kikundi cha hisa au kikoba. Wanaopenda mijadala ya siasa huutaja kama mfano wa jinsi watu wa kawaida wanavyoweza kuishi nje ya ubepari: hakuna benki, hakuna tajiri wa nje, fedha ni zetu, tunakopeshana wenyewe. Sehemu ya sifa hizo ni kweli. Lakini ukikaa na kalamu ukafuata shilingi inatoka kwa nani na inaishia kwa nani, unakuta ubepari umo humohumo, chini ya zile kufuli.

Kwanza neno lenyewe. Bepari lilikuja na wafanyabiashara wa Kigujarati na maana yake ya asili ni mfanyabiashara tu, na nadhani hapo ndipo tulipoanza kukosea. Kununua na kuuza si ubepari. Kilwa ilikuwa inapitisha dhahabu na nguo karne nyingi kabla ya kiwanda chochote. Ubepari ni kanuni inayohusu kinachobaki. Mfanyakazi akishalipwa ujira wake, mwenye nyumba kodi yake na muuza malighafi bei yake, kinachobaki ni cha aliyeleta mtaji, na kwa sababu ni chake, yeye ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo mtu akikuletea mfumo mbadala, uwe ushirika, kijiji au programu ya simu, muulize mambo mawili: ziada inagawanywa kwa kipimo gani, na kura inapigwa kwa kipimo gani.

Kwenye kura, sanduku linafaulu. Mwenye hisa moja na mwenye hisa tano wana kura moja moja. Kwenye ziada, tufanye hesabu.

Chukua kikundi cha watu 20. Hisa ni shilingi 2,000, mzunguko ni wiki 50. Watu watano wana duka au mshahara, wananunua hisa tano kila wiki: kila mmoja anafikisha 500,000. Kumi wananunua mbili mbili: 200,000 kila mmoja. Watano wananunua moja kwa taabu: 100,000 kila mmoja. Sanduku zima lina milioni 5, yaani hisa 2,500. Riba ya mkopo ni asilimia 10 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, kama ilivyo kwenye vikundi vingi.

Sasa mfuate mmoja wa wale watano wa mwisho, tuseme muuza mboga. Wiki ya 15 ana akiba ya 30,000, kwa hiyo anaruhusiwa 90,000. Anakopa zote. Kila mwezi anarejesha mtaji 30,000 na riba 9,000. Kwa miezi mitatu riba ni 27,000. Wiki ya 30 akiba imefika 60,000, anakopa 180,000 za kulipa ada na kuongeza bidhaa, riba 54,000. Kwa mwaka amelipa riba 81,000. Wa kati tuseme walilipa 90,000 kila mmoja, kwa sababu wanaruhusiwa mikopo mikubwa kidogo. Wenye duka walikopa mara moja tu, au walikopa ili kikundi kisiwanunie, 39,000 kila mmoja. Jumla ya riba ni 1,500,000.

Siku ya kuvunja, 1,500,000 zinagawanywa kwa hisa 2,500. Kila hisa inapata 600, kwa hiyo hisa ya 2,000 inalipwa 2,600 na watu wanapiga vigelegele. Muuza mboga mwenye hisa 50 anapata faida 30,000. Alilipa 81,000. Amepoteza 51,000. Wa kati amepata 60,000, alilipa 90,000, amepoteza 30,000. Mwenye duka amepata 150,000, alilipa 39,000, amebaki na 111,000 safi. Watano wa juu kwa pamoja wamevuna 555,000, na hiyo ni jumla kamili ya zilizotoka kwa wale 15 wengine.

Hakuna aliyeiba. Hesabu zimesomwa kwa sauti, kila mtu amekubali, na muuza mboga anaondoka na furaha kwa sababu mkononi ana 130,000 ambazo nyumbani asingeweza kuzitunza. Pia alipata mkopo ambao mkopeshaji wa mtaani angemtoza zaidi, pengine kwa kushika kitanda chake. Hayo ni manufaa ya kweli na sitaki kuyadharau. Ila enzi za Azimio la Arusha tungeuita mrija, na mrija huu ni mgumu kuuona kwa sababu anayenyonywa naye anapewa kijiko.

Kosa lilianzia kwenye muhuri. Kitabu cha mwanachama kimetengenezwa ili hata asiyejua kusoma aweze kukihakiki, anahesabu tu mihuri. Ni akili kubwa sana. Lakini muhuri unahesabu hisa, yaani mtaji. Riba anayolipa mwanachama inaandikwa upande wa mikopo, inapofutwa mkopo nayo inasahaulika, na mwisho wa mwaka hakuna kumbukumbu ya nani aliizalisha ile faida. Kifaa kinachopima kitu kimoja kitagawa kwa kitu hicho.

Upatu wa bibi zetu, au mchezo kama wengine wanavyouita, ulikuwa na ubepari mdogo zaidi. Watu kumi, kila mmoja 20,000 kila mwezi, mmoja anaondoka na 200,000. Hakuna riba, mwisho wa mzunguko kila mtu ametoa na kupokea sawa. Tofauti pekee ni foleni: wa kwanza kakopeshwa bure, wa mwisho kaweka akiba bila faida, ndiyo maana mizunguko yenye busara hugeuza foleni mwaka unaofuata. Kasoro yake ni kwamba hauna kitu cha kumkopesha mwenye mgonjwa leo, na wa kwanza akihama mji mchezo umekufa.

Dawa ya tatizo la sanduku ni ya zamani. Tarehe 21 Desemba 1844, huko Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi wachache walifungua duka kwenye mtaa wa Toad Lane wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Maduka ya ushirika yalikuwepo kabla yao na mengi yalikufa. Lililodumu kwao ni jinsi walivyogawa ziada: mtaji unapata riba yenye kikomo na hapo unanyamaza, kinachobaki kinarudi kwa wanunuzi kadiri kila mmoja alivyonunua. Mtaji ukawa kama mfanyakazi wa kukodi, unalipwa ujira wake na hauna haki ya kilichobaki. Ni kuigeuza ile kanuni ya ubepari kichwa chini miguu juu, bila kufuta soko wala kungoja serikali.

Turudi kwenye kikundi chetu na 1,500,000 zilezile.

Kwanza, akiba ilipwe asilimia 5: 250,000. Zimebaki 1,250,000. Pili, asilimia 20 ya zilizobaki ziende kwenye mfuko usiogawanyika: 250,000. Tatu, 1,000,000 zinazobaki zirudi kwa waliolipa riba, kwa kiwango walicholipa, yaani kwa kila shilingi tatu zinarudi mbili. Muuza mboga anapata 54,000 za marejesho na 5,000 za akiba yake: 59,000. Badala ya kupoteza 51,000 ametoa 22,000. Wa kati anapata 60,000 na 10,000, ametoa 20,000. Mwenye duka anapata 26,000 na 25,000, jumla 51,000 dhidi ya 39,000 alizolipa; bado yuko juu kwa 12,000. Ukijumlisha walichotoa wote na kuondoa cha wenye duka unapata 250,000, ambayo ndiyo iliyomo kwenye mfuko wa wote.

Utendaji wake hauhitaji kompyuta. Geuza kitabu cha hisa, kurasa za nyuma ziwe za riba. Kila shilingi 1,000 ya riba iliyolipwa kwa wakati inagongwa muhuri mmoja wa rangi nyingine, mbele ya watu, dakika ileile fedha inapotua kwenye beseni. Muuza mboga atakuwa na alama 81, wa kati 90, mwenye duka 39, kikundi kizima 1,500. Siku ya mgao kila alama ina thamani ya shilingi 666 na ushee. Hakuna atakayehangaika na sarafu za aina hiyo. Lipeni 650, na 25,000 zinazosalia ziongezwe kwenye mfuko. Riba iliyolipwa kwa kuchelewa haigongwi. Sheria hiyo moja inasukuma marejesho kuliko faini, kwa sababu faini inalipwa na aliyekwama tayari, wakati alama ni kitu anachokimezea mate tangu mwezi wa kwanza.

Pwani na Visiwani, ambako wengi hawataki kusikia riba, vikundi vingine huiita ada. Kama ada inapanda kadiri mkopo na miezi inavyoongezeka, imebadili jina tu. Ada moja isiyobadilika kwa kila mkopo, ya kulipia daftari na muda wa katibu, ni jambo tofauti.

Sasa matatizo, kwa sababu yapo na ni makubwa.

La kwanza ni kwamba wenye duka wanaweza kuondoka. Wao ndio nusu ya fedha ya sanduku, na 12,000 haiwapi hamu kama 111,000. Wakihamia kikundi cha jirani kinachogawa kwa hisa, muuza mboga atakopa nini? Hapa ndipo mbadala wowote wa ubepari unapoteseka: mtaji una miguu, mgonjwa wa deni hana. Kuna njia mbili za kupunguza makali. Anzeni na asilimia 8 au 10 kwa akiba na mshuke mzunguko hadi mzunguko. Na mpunguze kikomo cha hisa kutoka tano hadi tatu kwa wiki, ili kikundi kisitegemee mifuko mitano. Mkipunguza hivyo, sanduku litakuwa dogo, na hilo lisemwe wazi mkutanoni kabla ya kupiga kura, si baadaye.

La pili ni foleni. Riba inayorudi inafanya mkopo uwe nafuu, kila mtu anataka, wiki ya ada za shule maombi yanazidi fedha mara tatu. Kikundi kisicho na kanuni ya foleni kitaamuliwa na mwenye sauti kubwa. Wekeni utaratibu kabla: dharura ya afya mbele, kisha asiyewahi kukopa mzunguko huu, kisha waliobaki kwa kura ya siri ya mbegu na kokoto. La tatu ni mkopo wa mgongoni: mwenye duka anamtuma mdogo wake akope kwa jina lake ili avune alama. Dalili yake ni mkopo unaolipwa wote kwa noti mpya siku moja. Mkiona hivyo, wadhamini waulizwe bidhaa iko wapi.

Kuna njia fupi ambayo ningeanza nayo kama katibu anaweza hesabu: riba ya salio. Ule mkopo wa 90,000 unaorejeshwa 30,000 kila mwezi, ukitozwa asilimia 10 ya kilichobaki, riba ni 9,000, halafu 6,000, halafu 3,000: jumla 18,000 badala ya 27,000. Kutoza asilimia 10 ya mtaji mzima mwezi wa tatu, wakati mtu ameshikilia 30,000 tu, ni kumtoza asilimia 30 kwa mwezi huo. Vikundi vingi vinafanya hivyo bila kujua, kwa sababu namba moja isiyobadilika ni rahisi kukumbuka.

Ule mfuko usiogawanyika ndio unaoleta ugomvi mrefu zaidi, na ndio unaonivutia zaidi. Kuvunja sanduku kila mwaka ni ukaguzi wa hesabu usiohitaji mkaguzi: fedha zote zinamwagwa mezani, kama hazipo inaonekana. Ukianza kubakiza kitu, umeanza kutengeneza chakula cha wezi. Kwa hiyo kisikae kama noti. Kiwe akaunti yenye sahihi tatu, au haraka iwezekanavyo kiwe kitu kinachoonekana: turubai, mizani, viti vya kukodisha, na kiandikwe kwenye daftari la mali na namba yake. Bila mfuko huo, kikundi kitakopeshana miaka 15 na bado hakitamiliki hata mashine moja ya kusaga. Kitakuwa kimezungusha fedha tu, na uzalishaji utabaki kwa mwenye mashine.

Na kwa nini usigawanyike kamwe? Kwa sababu ukigawanyika, siku moja wengi watapiga kura wagawane. Watu wa Rochdale walilipata hilo. Kiwanda chao cha pamba kilichoanzishwa katika miaka ya 1850 kiliwapa wafanyakazi sehemu ya ziada. Hisa zikauzwa kwa watu wasiofanya kazi humo, na mwaka 1862 wenye hisa wakapiga kura kuifuta ile sehemu ya wafanyakazi. Mtu mmoja kura moja haikuwaokoa, kwa sababu wapiga kura wenyewe walikuwa wamebadilika.

Waliojibu swali hili vizuri kuliko wengi ni Mondragón, nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Padri José María Arizmendiarrieta alifika mwaka 1941, akaanzisha shule ya ufundi 1943, na wanafunzi wake watano wakafungua kiwanda cha majiko, Ulgor, mwaka 1956. Benki yao ya ushirika, Caja Laboral, ilifuata 1959. Ziada inagawanywa mafungu: moja la akiba ya pamoja isiyo ya mtu, moja la elimu na jamii, na jingine linaingia kwenye akaunti ya kila mfanyakazi mwanachama, ambalo halichukui taslimu mpaka anapoacha kazi au kustaafu. Fedha inaitwa yake lakini inabaki inafanya kazi kiwandani. Mwanzoni mshahara wa juu haukuzidi mara tatu ya ule wa chini. Baadaye umepanda, sehemu nyingine hadi mara sita. Mwaka 1974 kulikuwa na mgomo Ulgor kuhusu madaraja ya kazi, na ushirika uliwafukuza viongozi wake. Mwanachama alijikuta anamgomea mwajiri ambaye ni yeye mwenyewe.

Ulgor ilikua ikawa Fagor, ikainunua Brandt ya Ufaransa mwaka 2005 kwa mikopo, soko la nyumba la Hispania likaanguka 2008, watu wakaacha kununua friji, na 2013 Fagor ikafilisika. Wanachama walipoteza mtaji uliokuwa kwenye akaunti zao. Wengi wao walipewa kazi kwenye viwanda ndugu. Wafanyakazi wa Poland na Ufaransa, ambao hawakuwa wanachama, hawakuwa na mlango huo. Ushirika ulikuwa umefika ng'ambo ukiwa bepari wa kawaida.

Sisi Watanzania tulijaribu njia nyingine. Baada ya Februari 1967 mabenki yalitaifishwa, na Mei 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, vikiwemo vikongwe kama KNCU, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro cha mwaka 1933, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao na kampuni za umma. Vyama vilikuwa na wizi na uzembe, hilo halina ubishi. Lakini mkulima wa kahawa aliyekuwa na kura mbovu sasa hakuwa na kura kabisa, na kilichobaki baada ya makato kilimezwa na gharama za mamlaka. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Kabla ya hapo, Septemba 1969, chama tawala kilikuwa kimekwishaivunja jumuiya ya vijiji vya Ruvuma, iliyoanzia Litowa, ambayo watu wake waliingia kwa hiari na kupanga kazi na mapato yao mkutanoni. Ilikuwa ujamaa uliokuwa unafanya kazi, na kosa lake lilikuwa kushika funguo zake wenyewe.

Basi kama kikundi chako kinaanza mzunguko mpya, vifungu vya kuandika kwenye katiba ni vinne: kiwango cha mwisho cha malipo ya akiba, alama za riba na thamani yake, asilimia ya mfuko na mahali unapokaa, na mali ya mfuko iende kwa nani kikundi kikifa. Hicho cha nne watu hukiruka kwa sababu kinanuka mkosi. Kiandikeni kwa jina: shule ya msingi ya mtaa, zahanati, kikundi kingine, yeyote isipokuwa wanachama wenyewe. Na kiandikwe wiki ya kwanza, mfuko ukiwa na sifuri, maana ukishafika milioni mbili hakuna mkutano utakaokipitisha.